Brenda ya laki na thelathini na maembe ya kugandisha: inapofaa na inapoudhi

Nimekaa na hii brenda toka maembe ya mwaka jana yanaanza kudondoka mpaka sasa hivi tunamalizia yale ya kwenye friza, kwahiyo naona naweza kuisema bila kuionea. Jina la kampuni sitaji maana nina malalamiko nayo na sitaki kesi na mtu, ila nikikueleza ilivyo utaijua dukani, au utamjua ndugu yake, maana hizi brenda nyingi ni zilezile zimebadilishwa kibandiko tu. Jagi la kioo la lita moja na nusu, kitako cheusi kizito, swichi ya kuzungusha yenye spidi mbili na ile P ya kushtuashtua, na kikopo kidogo cha kusagia vitu vikavu. Nimenunua hapa Tabora mjini laki na thelathini, muuzaji alianzia laki na sitini. Kama una haraka zako jibu ni hili: kwa smuthi ya nyumbani ya matunda yaliyoganda inafaa, naipa saba kwa kumi, ila kwenye hizo saba nne ndo za mashine, tatu zilizobaki ni za jinsi ulivyogandisha matunda yako. Hapo ndo watu wengi wanaisingizia brenda.

Sababu ya kununua mtu wa Tabora haulizi. Mji wetu huu miembe imejaa barabara zote, uani, mashuleni, mpaka kwenye maofisi, mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili maembe yanadondoka mpaka yanakera, unafagia asubuhi mchana umerudi kulekule, watoto wamekula wameshiba wanarushiana. Ikifika mwezi wa tatu embe moja unauziwa bei ambayo msimu ungebeba sado nzima. Na huku mjini glasi ya smuthi kwenye vimgahawa ni elfu tatu mpaka elfu nne, unakunywa nusu yake barafu na nusu yake sukari, sehemu moja (siisemi) nilimuona dada anamimina sharubati ya chupani kwenye jagi afu anatupia vipande vitatu vya embe juu ili vionekane. Nikasema hapana, friza ninayo, maembe ninayo, kinachokosekana ni mashine tu.

Sasa dukani. Jamani wauzaji wa vyombo vya umeme tuwapende lakini tusiwaamini kwenye wati. Nimefika nikaonyeshwa boksi limeandikwa wati elfu nne na mia tano, kubwaa, kwa rangi nyekundu. Kaka akaniambia, "Dada hii inasaga mpaka mawe." Nikamwambia kaka yangu mimi sina mawe nina maembe, hebu igeuze nisome kitakoni. Akaigeuza kwa shingo upande, kibandiko cha chini kinasema 220 mpaka 240V, 50Hz, 600W. Mia sita! Na hata kama hujui umeme, hesabu yake ni nyepesi: plagi zetu hizi za miguu mitatu fyuzi yake kubwa ni ampia 13, umeme wetu ni volti 230, ukizidisha unapata kama wati 2,990. Kwahiyo kitu cha wati elfu nne na mia tano hakiwezi hata kuchomekwa kwenye tundu la ukutani ikatumika vizuri, fyuzi itaondoka. Hiyo ya boksini ni ya kuuzia.

Hiyo niliiacha. Niliyochukua mimi kitakoni imeandikwa 1000W, na nikiiangalia kazi yake naamini, angalau haiko mbali. Kwa matunda yaliyoganda mia sita nazo zinaweza ukienda nayo polepole, ila chini ya hapo, zile za mia tatu na hamsini za jagi la plastiki, hizo ni za jusi ya pasheni na nyanya za kupikia, usizitese.

Kitu ambacho ni muhimu kuliko wati na hakuna muuzaji atakuonyesha: toa jagi, angalia kile kigurudumu chenye meno pale juu ya kitako, kinachoshikana na chini ya jagi ndo kikazungusha kisu. Kikiwa cha plastiki, siku embe gumu likikwama kati ya visu meno yanalika, utasikia krrrrr na harufu ya mpira unaoungua, mota iko nzima inazunguka lakini kisu kimesimama. Kikiwa cha chuma ni habari nyingine. Yangu juu ni chuma, chini ya jagi ni plastiki ngumu, nusu kwa nusu. Fundi wangu wa pale sokoni anasema wanafanya hivyo makusudi ili kikilika kilike cha bei rahisi, na kweli alinionyesha vimejaa kwenye kopo lake kama vifuniko vya soda. Muulize muuzaji kabla hujalipa kama spea hiyo ipo. Akianza kukuambia "hii haiharibikagi dada", ondoka.

Na usikubali kujaribishiwa ikiwa tupu. Kila brenda tupu inavuma. Mwambie atie maji nusu jagi, aiwashe spidi ya mwisho, uangalie chini kama inavuja.

Haya, kugandisha. Hapa nitakaa kidogo maana ndo kwenye kazi yenyewe.

Embe la smuthi ni lile lililoiva mpaka linanukia, sio lile unalobonyeza linakuangalia tu. Ukigandisha embe chachu unapata smuthi chachu afu unaanza kutafuta sukari, na maana nzima ya kiafya imeishia hapo. Dodo na bolibo ndo nazipenda, nyama nyingi nyuzi kidogo. Yale maembe madogo ya kienyeji ni matamu kuzidi yote lakini yana nyuzi, zinajiviringisha kwenye shina la kisu kama uzi wa cherehani, unakaa unazichomoa na uma. Hayo nayasaga yakiwa yameiva freshi bila kuganda, nachuja kwa chujio la matundu makubwa, uji wake ndo nagandisha kwenye vitrei vya barafu. Mama mmoja ninayenunua kwake pale Soko Kuu ukishamwamkia mwangaluka yako vizuri anakuchagulia mwenyewe, anakuambia, "Mwanangu hili la leo, hili la kesho, hili mpelekee jirani," na hajawahi kukosea.

Menya, kata vipande vidogo, ukubwa wa nusu ya kiberiti, visizidi. Panga kwenye sinia visigusane, sinia iingie friza ikiwa wazi mpaka vipande viwe vigumu kabisa, masaa manne matano au ulale mpaka asubuhi, ndipo uviweke kwenye kopo lenye mfuniko. Ukivitupia vyote kwenye mfuko mara moja vinaganda vinakuwa tofali, na tofali halisagwi na brenda yoyote ya laki na thelathini, utakuja kuligonga na mchi watoto wanakuangalia. Makopo ya aiskrimu na vindoo vya mtindi usivitupe, toka mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 hayo ndo yameniokoa, afu yanapangika vizuri kuliko mifuko. Friza iwe kwenye -18 au baridi zaidi. Ile sehemu ya juu ya friji ndogo ya mlango mmoja inagandisha kwa kusuasua na matunda hayakai muda mrefu, tumia ndani ya wiki chache.

Usishangae embe ukiliacha liyeyuke linalegea linakuwa kama limepikwa. Maji yaliyo ndani ya tunda yakiganda polepole kwenye friza zetu hizi yanajenga vipande vikubwa vya barafu vinavyopasua kuta za ndani za tunda. Kwa kula mkononi limeharibika, kwa smuthi ndo kwanza limerahisishiwa kazi kisu.

Ndizi iive mpaka ngozi iwe na madoadoa meusi, kisukari au kimalindi zote sawa, halafu MENYA kabla ya kugandisha. Ndizi iliyoganda na ganda lake ni adhabu, ganda linakuwa jeusi limegandamana na nyama, unalikwangua na kisu vidole vinakufa ganzi. Katakata, kamulia ndimu kidogo kuzuia isigeuke kahawia, panga kwenye sinia. Ndizi ndo siri ya ule uzito, ndizi moja iliyoganda inafanya smuthi iwe laini kama aiskrimu bila kutia hata tone la krimu. Ndizi za Kigoma zikishuka na treni pale stesheni nanunua mkungu mzima tunagawana na jirani.

Tikitimaji ni maji matupu, zaidi ya asilimia tisini, sasa mimi silihesabu kama tunda kwenye smuthi, naligandisha nalitumia badala ya barafu. Kwanini utie barafu ya maji ikapoozesha ladha wakati unaweza kutia barafu ya tikiti.

Papai na nanasi zina kesi yake. Ukisaga papai freshi au lililoganda na maziwa ukanywa hapohapo ni tamu sana, ukaweka glasi nyingine kwenye friji ya mume akirudi jioni, atakunywa uchungu na atakuuliza umeweka nini. Papai lina kimeng'enya cha kuyeyusha protini, ndo kilekile kinacholainisha nyama ukipaka papai bichi, na nanasi linacho cha kwake. Kinavunja protini ya maziwa vipande vipande na hivyo vipande ndo vichungu. Kugandisha hakukiui, kunakilaza tu, kikiyeyuka kinaamka. Mtindi nao haujapona, ni maziwa yaleyale. Kwahiyo papai na nanasi mimi nasaga na maji ya machungwa au madafu yakipatikana, au nasaga na maziwa tunamaliza pale pale tumesimama.

Sasa kusaga kwenyewe na hii mashine. Kimiminika kwanza chini, kisha kitu laini kama mtindi au parachichi, vilivyoganda juu kabisa. Ukianza na vilivyoganda chini kisu kinachimba shimo lake, hewa inakaa pale, mashine inapiga kelele lakini juu vipande vimetulia tuli. Matunda yaliyoganda vikombe viwili, kimiminika kikombe kimoja, hapo unapata glasi mbili na kidogo. Yaache matunda nje dakika kama tano kwanza yaache kung'aa. Shtua na P mara kadhaa, fupi fupi, mpaka sauti ibadilike, ile ya kugongagonga ikiisha ukasikia inazungusha kitu kimoja ndo uweke spidi ya pili. Ikikwama zima, chomoa, koroga na mwiko, rudia. Mwiko usiingie ikiwa inawaka, kuna jagi la jirani limepasuka hivyo na mwiko ukapatikana nusu.

Kitabu chake kinasema isizidi dakika moja mfululizo, na kiko sahihi. Mota ikichemka inajizima yenyewe, haijafa, iache ipoe nusu saa itawaka. Wengi hapo ndo wanakimbilia kwa fundi na kulipa elfu kumi ya bure, fundi anaipokea asubuhi, mchana imeshapoa anaiwasha, "tayari mama."

Jagi la kioo nalisifia, halishiki harufu ya kitunguu wala rangi ya embe kama yale ya plastiki, ila usilitoe kwenye maji ya moto ukatia vilivyoganda. Linapasuka. Kwahiyo ukimaliza kuliosha kwa maji ya moto lipoe kwanza.

Maziwa tunayouziwa freshi mtaani na vijana wa baiskeli lazima yachemshwe, hata kama unamjua ng'ombe kwa jina. Kuna bruselosisi, kuna kifua kikuu cha ng'ombe, na baridi ya friza haiui hivyo vitu. Chemsha, poza, weka friji, ndo utumie. Maji nayo vivyo hivyo.

Tukija kwenye afya, maana najua ndo hapo kelele zitaanza. Smuthi ya nyumbani uzuri wake ni kwamba hujachuja, nyuzinyuzi za tunda umezinywa zote, tofauti na jusi. Embe lina vitamini A ya kutosha kwenye ile rangi yake, na mwili unaichukua vizuri kukiwa na mafuta kidogo, ndo maana natia kijiko cha siagi ya karanga au kipande cha parachichi, na inashikilia tumbo, mtoto haombi mkate baada ya nusu saa. Unga wa ubuyu kijiko kimoja unaleta uchachu mzuri na vitamini C. Hiyo inatosha.

Kinachogombanisha ni asali. Sisi Tabora ukimwambia mtu asali ihesabiwe kama sukari unaonekana umeletwa na adui. Baba mkwe wangu anafuga nyuki, ana mizinga porini huko Sikonge, siku namwambia naweka kijiko kimoja tu akanitazama akasema, "Mkamwana, unaibania asali wakati mimi nipo?" Baba nakuheshimu. Lakini Shirika la Afya Duniani linaweka asali kundi moja na sukari ya kuongeza, linataka iwe chini ya asilimia kumi ya nguvu unayopata kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia tano ni bora zaidi, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Kijiko kikubwa kimoja cha asali kina gramu 17 hivi za sukari. Hesabu mwenyewe viwili. Na wanahesabu hivyo hata asali iwe ya miombo iliyochujwa mbele ya macho yako. Mimi embe likiwa limeiva sitii kitu, na ndizi ikiwa na madoa ndo kabisa. Baba mkwe namtilia yake pembeni kwenye glasi, amani inakuwepo.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe asali kabisa, hata ncha ya kijiko, hata kwenye smuthi. Inaweza kubeba vimelea ambavyo tumbo lake halijaweza kupambana navyo na vinamletea ugonjwa wa kulegea mwili, botulizimu, na kuigandisha hakusaidii. Bibi anaweza kukuambia sisi wote tulilambishwa tukapona, msikilize kwa adabu na ufiche chupa.

Kwa mwenye kisukari, smuthi bado ni sukari ya matunda mengi yaliyoingia kwa dakika mbili. Mama mkwe ana kisukari, tumeongea na kliniki yake, kwake ni kikombe kidogo, ndizi nusu, parachichi zaidi, mtindi usio na sukari, na inahesabiwa kama sehemu ya mlo wake, sio kinywaji cha juu ya mlo. Wengine muulizeni daktari wenu, msimfuate mkwe wangu.

Nimejaribu pia ntalali. Mnaozijua mnajua, zile nyeusi tamu za porini ambazo kina mama wanaziuza kwenye vikopo kwa msimu. Usizitie kwenye brenda na kokwa zake, ni ngumu kama kokoto, kisu kitapoteza makali siku hiyohiyo. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu kidogo, zisugue kwa mkono juu ya chujio mpaka ngozi na nyama ziachie, unabaki na uji mzito mweusi wenye harufu ya kama tende na majani makavu, ndo ugandishe kwenye trei ya barafu. Vipande vinne vya huo uji na ndizi moja na maziwa, jamani. Rangi yake haivutii, inatoka kijivu kama saruji, mwanangu wa kwanza aligoma mpaka alipofumba macho. Mbula nayo, tunda jingine la porini, inakubali hivyohivyo. Pasheni nayo usiisage sana, mbegu zikivunjika zinaacha mchanga mdomoni, mimi namimina mwishoni nashtua mara moja.

Umeme. Watu wanaogopa luku, lakini brenda ya wati elfu moja uitumie dakika moja, unahitaji dakika sitini kama hizo ndo iishe yuniti moja. Inayokula ni friza inayowaka usiku na mchana. Na ukikatika, usifungue friza kuchungulia, kila mtoto anayechungulia anatoa baridi. Friza iliyojaa ikifungwa vizuri inakaa na ubaridi kama siku mbili, iliyo nusu ni siku moja, kwahiyo nafasi zilizobaki najaza chupa za maji yaganda. Brenda chomoa kabisa ukutani umeme ukikatika, unavyorudi kwa kishindo unaondoka na kitu.

Malalamiko yangu sasa. Kelele: inapiga kelele za mashine ya kukoboa, saa kumi na moja asubuhi huwezi kuiwasha kwenye nyumba za kupanga bila kugombana na wa chumba cha pili. Waya wake ni mfupi, inabidi ikae sakafuni au uongeze ekstensheni, na ekstensheni nyembamba inachemka. Kikopo cha vitu vikavu kilisaga karanga vizuri mwanzoni, sasa kinatoa unga nusu na nusu mbegu.

Kubwa ni mpira. Ule mpira wa duara unaokaa kati ya kisu na jagi ulianza kulegea mapema mno, smuthi inachuruzika kidogo kidogo inaingia kwenye kitako, unaona mstari wa njano unashuka pembeni kuelekea kwenye mota. Waranti wameandika miezi kumi na mbili. Nimeenda dukani na risiti yangu ya mashine, naambiwa waranti ni ya mota tu, mpira ni "matumizi". Nikauliza imeandikwa wapi, akanionyesha maandishi madogo nyuma ya karatasi, ambayo wakati nanunua ilikuwa imestepliwa ndani ya boksi. Mpira wenyewe! Kwa fundi ni elfu moja mia tano. Sio hela, ni dharau. Hapo nimetoa pointi moja nzima. Ya pili nimeitoa kwa kelele na ya tatu kwa waya.

Kuosha ni rahisi, maji nusu jagi tone la sabuni, P mara tano, suuza. Ila mara moja kwa wiki fungua kisu chote chini uoshe mpira na mfereji wake, embe likikaa pale siku mbili linachacha na harufu utaitafuta nyumba nzima.

Kama unataka kufungua biashara ya smuthi, hii usinunue, wateja kumi wakipanga foleni itajizima mbele yao. Tafuta za biashara hata kama ni za mitumba. Kama friza huna pia usikimbilie brenda kwanza, ongea na yule jirani anayeuza lambalamba akuwekee kopo lako moja mjaribu, mimi sasa hivi natunza ya watu wawili na wananilipa kwa ndizi. Smuthi ikibaki usiiweke friji ikatengana maji na nyama, mimina kwenye vifuko vya lambalamba vijiti juu, watoto wakirudi shule hawaulizi imetengenezwa na nini.

Kwa anayeenda kununua wiki hii: mpira wa akiba chukua miwili siku hiyohiyo, nenda na jagi lenyewe kwa fundi upimiwe, maana mipira ya lita moja na ya lita moja na nusu kwa macho inafanana na haiingiliani, na ule mweupe mlaini unadumu kuliko mweusi.